Jina la Siku ya Saba

Siku ya saba Samiha hakuwa na pa kutulia. Mara dirishani, mara kwa mtoto, mara tena dirishani kuitazama barabara ya Kyerwa. Arobaini yake haijaisha, haruhusiwi kutoka nyumbani kwa baba yake pale Omurushaka. Angeruhusiwa, angekwenda hata kwa miguu. Binti yake alizaliwa kabla ya siku zake, kilo mbili hazikutimia, na mkwewe, mzee Protase, mfugaji wa huko Kyerwa, hajaja kumwona.

"Hakunitaka mimi, atamtaka huyu?"

"Nilimpigia simu siku ileile," mumewe, Atwine, alijitetea. "Nikamwambia mtoto ni dhaifu. Akasema amesikia, akakata."

Jina lilikwishachaguliwa: Amani. Baba yake Samiha, mzee Saleh, muuza duka asiyeacha neno lipite bila kulipekua, alikuwa ameshalifumua. Amani yetu, alisema, imetoka kwa Waarabu, ni usalama. Lakini Waarabu haohao wana jina la kike Amaani, matarajio, na hilo shina lake jingine kabisa.

"Na kwenu, mwanangu?"

"Kinyambo? Amaani ni nguvu," alijibu Atwine.

"Ahaa! Basi hayana undugu, yamekutana njiani tu."

Samiha alikereka. Mtoto hanyonyi vizuri, wao wanachambua maneno!

"Baba, niulizie babu yake, achana na Waarabu."

Saleh akamgeukia Atwine. "Nani alikwenda kumwambia?"

"Nilipiga simu."

"Sikuuliza simu. Nani alikwenda?"

Atwine akashika kichwa. Kwao habari ya mtoto hupelekwa na mtu. Anafika zizini, anakunywa maziwa, ndipo babu huhesabiwa ameambiwa. Kabla ya hapo, akija, amejialika.

"Miaka thelathini nawauzia chumvi ya ng'ombe, mimi najua, wewe umesahau!" Saleh alifoka. Akafunga duka, akadandia bodaboda.

Alasiri walirudi wawili. Protase, kibuyu cha maziwa mkononi, alikataa kiti.

"Shikamoo baba," alisema Samiha.

"Marahaba. Siku saba nimekaa langoni, mwanangu. Kila pikipiki ikija nasema, hao, wanakuja kuniambia. Inapita."

Samiha alilia kwa aibu, akapokea kibuyu, akampa mtoto mikononi.

"Tunataka kumwita Amani, baba, kama utakubali."

Mzee alimwinamia mjukuu wake.

"Amaani," alisema, akilivuta kama wanavyolivuta kwao. "Nani aliwaambia nilichokuwa namwombea?"