Bahari Ilipofuata Mchanga Wake Old Moshi

Hivi wewe, ukitoka asubuhi kukamua ng'ombe ukakuta bahari imesimama nje ya zizi, utaanza na kipi?

Elisifa alianza na ng'ombe. Alikamua, akachuja maziwa, akayaweka kivulini, akajifuta mikono kwa khanga, ndipo akaenda kuitazama. Ilikuwa imepanda kwa mfongo, ule mfereji waliouchimba wazee kuteremsha maji ya mlima, na ilikuwa inahema, maana kutoka Tanga mpaka Old Moshi ni kupanda tu. Ilikuja na mwani kidogo na kandambili moja ya mtoto.

"Karibu," Elisifa akaiambia. "Umefuata nini huku kwenye baridi?"

Bahari ilitambaa taratibu mpaka kwenye uzio wa Pwani Ndogo, ikasimama hapo. Elisifa akaelewa. Ilikuwa imefuata mchanga wake.

Pwani Ndogo ni bustani ya michezo ya familia. Ina bwawa lenye mashine ya mawimbi, minazi kumi na miwili ya plastiki, boti inayozunguka palepale, na bomba refu la kutelezea lenye umbo la pweza mwekundu. Mchanga wake uliletwa na malori arobaini kutoka Tanga, ili watu wa Moshi wale bata ufukweni na jioni walale kwao. Mwenyewe ni Jackson, mtoto wa hukohuko aliyekulia Dar, Mchagga wa Desemba: kwao anakujua kwa ndafu ya Krismasi, ikifika tarehe mbili Januari ameshapita Mombo.

Kabla ya hapo pale palikuwa kihamba, shamba la ukoo. Mama yake Elisifa aliletwa pale akiwa bi harusi, akakuta mawe. Aliyaokota kwa mikono miaka minne, akajenga nayo ukingo wa mfongo. Akapanda ndizi mishare, akapanda ndizi ng'ombe, kahawa chini ya migomba, magimbi penye unyevu. Elisifa alipoachana na mumewe alirudi hapo, akalima na mama yake miaka kumi na moja, mpaka mama akazikwa katikati ya migomba yake, masale yakapandwa kichwani.

Mwaka 1987 ukoo ulikaa kugawa. Wanaume walikunywa, wakaongea, wakampa kihamba Aminieli, mdogo wake Elisifa, ambaye alikuwa hajui hata jembe linashikwa upande gani. Elisifa aliulizwa swali moja tu siku ile: kama mbege inatosha. Akasema inatosha.

Aliendelea kukilima kihamba cha mdogo wake, miaka mingi tu. Kisha akaanguka, akavunjika nyonga, akalazwa wiki saba. Aliporudi na magongo, migomba ilikuwa imelala chini yote, na Aminieli alikuwa ameshatia sahihi kumuuzia Jackson. Walimbakishia nyumba na zizi. Masale ya mpakani yaling'olewa, yakapandwa kwenye vyungu getini, wageni wapige nayo picha.

Bahari ilipofika, mtendaji wa kijiji aliiandikia barua akiitaka irudi ilikotoka ndani ya siku saba. Bahari iliipokea, ikailowesha. Kamati ya mfongo ikakaa, ikaipangia zamu kama mkulima mwingine yeyote: Jumanne na Ijumaa. Mama Brenda aliyekuwa akiuza kiburu cha ndizi na maharage barabarani akaongeza pweza wa kukaanga. Maziwa ya Elisifa yakawa na chumvi kidogo. Watu wa chama cha maziwa wakaandika "chumvi kidogo", wakayapokea. Jackson ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alitundika bango jipya: SASA NA BAHARI YENYEWE.

Lakini bahari haikuja kutalii. Kila alasiri ilipitisha ulimi chini ya uzio, ikajichotea mchanga, ikaushusha kwa mfongo. Jackson akajenga ukuta. Ikapita chini ya ukuta. Siku ya ishirini mchanga wote ulikuwa umekwenda. Hapo chini vikaonekana visiki vya migomba, mafiga matatu, na kaburi. Nguzo kuu ya pweza ilikuwa imechimbiwa katikati ya kaburi, penye kifua.

Wafanyakazi waliweka mafagio chini.

"Bosi, hapa hakuna kazi," akasema Yohana, mlinzi. "Mpaka Bibi Elisifa apokee sale."

"Sale ndiyo nini?"

"Majani yale ya kwenye vyungu vyako. Ukimpelekea mtu jani la sale umemwomba msamaha, na yeye hana pa kukwepea. Hata kama umemuulia baba."

Jackson alilipenda sana jani ambalo mtu hana pa kulikwepea. Alikata moja palepale getini, akalifunga utepe, akaenda na Aminieli. Walimkuta Elisifa akimenya mishare ya mtori, na wafanyakazi wote wamesimama nyuma yao kushuhudia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo umelikatia wapi?"

"Hapo getini kwetu."

"Kwenu!" Elisifa aligeuza kisu akaangalia makali yake. "Hilo sale nililipanda na mama kwenye kona ya mpaka. La kuombea msamaha mtu hulikata kwao. Wewe unaniomba kwa jani langu? Basi chukua na mdomo wangu, ujijibu mwenyewe."

Kuna aliyecheka, akajifanya anakohoa.

"Dada," Aminieli akasema, sauti chini, "sale halikataliwi. Unajiletea laana."

"Iache ije. Nafasi ipo, si mmeshakata migomba?"

Hakulipokea. Jani lilibaki mkononi mwa Jackson, watu wakitazama juu wajue ni nini kitaanguka. Hakikuanguka kitu. Elisifa akachukua ndizi nyingine.

Wafanyakazi waligoma siku tatu. Ya nne walirudi, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa na kila mmoja ana watoto. Jackson alilimwagia kaburi saruji, akaipaka rangi ya samawati, akaandika juu yake MAJI YA KINA KIFUPI. Nguzo haikuguswa. Bahari nayo, ilipokwisha kupeleka mchanga wake, ilirudi ikabaki uziani. Imeuzoea ukungu wa asubuhi, na watoto wa Moshi wanaiogelea.

Jumapili iliyofuata Elisifa alichukua kigoda chake, akaenda getini.

"Bibi, tiketi," akasema Yohana.

"Ya kumwona mama?"

Yohana akafungua geti, akageuka kuangalia mlima.

Elisifa aliweka kigoda juu ya saruji, akaegemeza mgongo kwenye nguzo. Watoto walipita juu yake ndani ya pweza wakipiga kelele. Familia moja iliyokuwa imetandika mkeka karibu ikauhamisha. Alikaa hivyo asubuhi yote, na Jumapili ya pili pia, na ya tatu. Hiyo ya tatu Jackson alimpigia simu Aminieli aje amtoe dada yake.

Aminieli alikuja na viatu vya kanisani, vikalowa. Akachuchumaa mbele yake.

"Dada, nakusihi. Watu wanatupiga picha. Pole tumekupa, sale tumeleta, njia ya kuja kaburini Jackson anasema atakuchongea. Hebu niambie, unataka nini hasa?"

Elisifa alikuwa na miaka sabini na moja, na hilo swali lilikuwa linamfikia kwa mara ya kwanza. Mashine ya mawimbi ilikuwa inanguruma, kwa hiyo alisimama, akapaza sauti wamsikie mpaka getini.

"Nataka kihamba. Siyo njia, siyo pole, siyo kaburi peke yake. Kihamba chote, toka mfongo mpaka barabarani. Nilikitaka kabla hamjakigawa, Aminieli, na bado nakitaka."