Upande Unaoshuka

Saruji iliporudi madukani Bunda baada ya miaka ya kukosekana, Jenoveva alinunua mfuko mmoja akaziba ufa. Ufa huo ulifunguliwa na tetemeko, ukapita kati ya nyumba yake, huko Butiama, na kaburi la mumewe, Stanislausi. Mvua zilipokwisha, saruji ilikuwa imepasuka na kaburi limeshuka kiasi cha kiganja.

Mtaalamu wa miamba aliyetoka Musoma alipiga magoti, akatazama. "Mama, huku chini ardhi inavutwa pande mbili. Ikizidiwa inakatika, upande mmoja unashuka."

"Na aliyelala upande huo?"

Mtaalamu alifuta miwani yake, akarudi kuupima ufa.

Tangu hapo, kila alipofagia uwanja, Jenoveva alisikia ardhi ikiguna kama Stanislausi alipokuwa akijigeuza kitandani. Wanawe walimsihi ahamie Mugango. Akakataa. Kiangazi aliita mafundi, akabomoa nyumba, akaijenga upya ng'ambo ya ufa, ubavuni mwa kaburi.

"Mama, huku ndiko kunakozama!" binti yake Pelagia alilia.

"Najua. Baba yenu alikuwaga haogopi kitu, ila kukaa peke yake."