Mpinzani wa Ndani

Idara ya Falsafa ya Sayansi ilikuwa chumba kimoja, viti vinne na mhadhiri mmoja. Kiti kimoja alikikalia, kingine kilibeba mafaili, na viwili viliwasubiri watu ambao chuo kiliahidi kuwaajiri tangu mwaka juzi. Ahadi za mkuu wa kitivo, jamani, zingekuwa unga tungekuwa tumeshiba.

Mhadhiri huyo, Madamu kwa wanafunzi wake, alikuwa anaandika kitabu pamoja na vyuo vitatu vya nchi za mbali, kuhusu namna wanasayansi wanavyojua kwamba wamekosea. Washirika walikuwa na sharti moja: kila sura, kabla haijavuka mpaka, isomwe na mpinzani wa ndani, mtu wa chuo hichohicho, aandike hoja tatu za kuipinga. Wazo ni kama chungu, walisema, hujui kama kizima mpaka kigongwe. Chuo kisicho na mpinzani kinatoka kwenye mradi.

Mpinzani wake alikuwa mhadhiri mwenzake, Mzee Thibitisha. Hata ukimwambia mvua inanyesha, naye amelowa chapachapa, angekujibu, "Thibitisha." Miaka kumi na moja walibishana chumbani humo mpaka chai inapoa. Kisha akastaafu, akahamia kwa binti yake. Sura ya nne ilipokamilika, Madamu akampigia simu.

"Mwanangu, mi nimechoka na hayo mambo," mzee alisema. "We andika tu, weka jina langu. Nani atajua?"

"Mzee wangu, si sawa hiyo."

"Haya, thibitisha." Akacheka, akaaga.

Basi Madamu akajipinga mwenyewe. Asubuhi aliandika sura. Mchana alihamia kiti kingine, akaisoma kwa jicho la mzee, akaishambulia bila huruma, na chini ya hoja akaweka jina la mzee. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye akaanza kuungojea huo mchana, maana ndio wakati pekee katika siku ambapo mtu alimjibu. Mdogo wake akimuuliza kwa simu kazi imekwendaje, alisema, "Tumebishana sana leo," na mdogo mtu akafurahi kwamba dada ana wenzake.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilifika sura tatu. Jumanne moja ikaja barua pepe ya mratibu, mama aliyeuongoza mradi kutoka ng'ambo. Imepatikana nafasi ya mwaka mzima huko kwao: chumba, maktaba, na watu kumi na wawili wa kubishana nao. Chuo chake kimepewa moja, na amechaguliwa Mzee. "Hoja zake ndizo zinazokibeba kitabu," mratibu aliandika. "Sura zako pia ni nzuri."

Lile "pia" alilisoma mara nne.

Angenyamaza, mzee angekataa, na nafasi ingemwangukia yeye. Aliuwaza mpango huo siku mbili. Siku ya tatu aliupinga kama alivyozipinga sura zake, na hakupata hata hoja moja ya kuutetea. Ijumaa, kikao cha washirika kilipofunguliwa kwenye kompyuta, akapiga moyo konde.

"Mpinzani wangu alistaafu mwaka jana. Tangu sura ya nne, hoja zote ni zangu."

Mtu mmoja akakohoa. Mratibu akavua miwani.

"Hata ile ya sura ya sita? Inayosema mwandishi anakubaliana na kila mtu kwa kuwa hana wa kumkosoa?"

"Hata hiyo."

"Kwa nini hukutuambia kwamba uko peke yako?"

Alikuwa amejiandaa kueleza habari za ajira na mkuu wa kitivo. Yote yakamtoka kichwani. "Mngenitoa," alisema, "na nisingebaki na mtu wa kuniambia nimekosea."

Mkataba ni mkataba, chuo chake kinatoka. Mratibu aliyasema hayo kwa upole, na upole huo ukamuuma kuliko ukali. Wakaaga mmoja mmoja, kila sura ikizimika mahali pake.

Akampigia mzee, akamsimulia yote.

"Umekosea, mwanangu," mzee alisema.

Machozi yakamlenga Madamu, na si ya huzuni. Miezi mingapi hakulisikia neno hilo kwa sauti isiyo yake! Akavuta kiti.

"Nimekosea wapi? Nieleze, Mzee wangu, taratibu."

Lakini huko chakula kilikuwa kimeandaliwa. Mzee akasema wataongea siku nyingine, akakata simu.