Kuku Aliyerudi Kuatamia

Asubuhi Bibi alipiga magoti kando ya boksi la sabuni, akamshika kifaranga mmoja, akamgeuza na kumfuta nyuma kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kifaranga akiziba huko nyuma hamalizi siku. Alipotakata, Bibi akampuliza akauke, akamrudisha na kumchukua mwenzake. Walikuwa tisa, na wote walimpigia kelele kama wateja waliopunjwa.

"Mke mwenzangu, punguza maji," alimwambia mjukuu wake, aliyekuwa akipanga vijiwe kwenye kisahani cha kunywea. "Wanataka kunywa hao, hawataki kuogelea."

Mjukuu alikuwa wa miaka saba, na babu yake alikuwa amekufa kabla yeye hajazaliwa, lakini Bibi hakuona hilo kuwa sababu ya kuacha kumwita mke mwenza.

Vifaranga hawakuwa na mama kwa kuwa mama yao alikuwa ameliwa Jumapili.

Haikuwa ubaya wa mtu. Mama wa yule mjukuu alikuwa yaya katika mji mwingine, na safari hii alikuwa amesema anakuja, ruhusa ameshapewa. Mtoto alifagia uwanja mara mbili. Bibi alimtazama kuku, akawatazama vifaranga, akatafuta kitu kingine cha kumpikia mwanawe asikione, akabandika maji. Mchana gari likasimama nje. Akashuka bosi wa mama, peke yake, amevaa nguo za harusini. Alikuwa anapita tu. Akaeleza kwa upole kwamba yaya hataweza kuja, maana mtoto mdogo wa yeye bosi halali mpaka aimbiwe na yaya. Chakula kilikuwa tayari na mgeni ni mgeni. Alikula paja, akasifu mchuzi, akaongezwa, akaaga.

Mjukuu hakula. Alisema jino linamuuma.

Jioni ya siku ile walipofutwa, vifaranga walianza kutetemeka na kupandana. Bibi alikuwa akijaza maji ya moto kwenye chupa awawekee, kuku akaingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa anachechemea, maana paja la kulia halikuwepo, na manyoya yake yalikuwa yamerudi vibaya, mengine yametazama mbele. Alinukia kitunguu. Akaufikia ukingo wa boksi, akachungulia kwa jicho moja, akaingia, akajitandaza. Vifaranga wakazama chini yake mmoja mmoja, na kelele zikakatika.

Bibi akayamimina yale maji kwenye sufuria ya chai.

"Afadhali," alisema. "Mikono ilikuwa imechoka."

Kulipokucha kuku hakuwepo. Majani makavu aliyoyalalia yalikuwa bado na joto. Basi kazi wakagawana. Mchana ulikuwa wa Bibi: aliparura udongo kwa vidole kuwaonyesha vifaranga chakula kinakokaa, akatoa sauti ya koo, akawapondea chenga, akawarushia kunguru ndala. Magharibi ilikuwa ya kuku.

Jioni moja fundi cherehani wa nyumba ya pili alipita na gauni la Bibi la kutiwa kiraka, akasimama mlangoni.

"Mama, huyu si yule wa Jumapili?"

"Ndiye."

"Nami mliniletea shingo."

"Ndiyo maana hageuki vizuri."

Fundi akachutama mbele ya kuku. "Samahani, shoga," akamwambia, kisha akamuuliza Bibi kiraka akiweke ndani au nje.

Mtoto, yeye, alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alingoja mpaka Bibi alipopiga simu, akaomba aongee wa kwanza.

"Mama, kuku amerudi."

"Kuku gani, mwanangu?"

"Yule tuliyekupikia. Amewarudia watoto wake. Anakuja kila jioni."

Mama alishusha sauti. Nyuma yake mtoto wa watu alikuwa analia. "Nani kampa ruhusa?"

"Hakuomba. Amekuja tu, na paja hana."

"Mwambie ahsante. Mimi nimeomba tena, mwanangu. Wamesema labda mwisho wa mwezi."

"Mwezi upi?"

Kilio kikazidi, na simu ikachukuliwa na bosi. Alimwamkia Bibi shikamoo kwa heshima zote, akauliza hali ya kila mtu. Habari za kuku zilimfurahisha. "Basi nikipita tena msihangaike kutafuta mwingine," alisema. Bibi akamshukuru kwa kumjali.

Mwisho wa mwezi ukaja, ukapita, na wa pili wake vilevile. Vifaranga wakaota manyoya ya mabawa, kisha ya mkia, wakaanza kugombania mdudu. Ikafika jioni ambayo kila kuku aliyelea huifikia: mama yao alipoingia, hakujitandaza. Aliwadonoa. Wakamkimbia kwa mshangao, wakapanda juu ya lundo la kuni, na huko wakalala kikubwakubwa, wamebanana.

"Nenda kapumzike sasa," Bibi alimwambia. "Kazi umeimaliza."

Kuku hakwenda. Alichechemea mpaka kwenye mkeka, alipokuwa mtoto amekaa na simu mapajani, akingoja iite. Akapanda juu ya miguu yake, akajishusha, akafungua mabawa. Alijitanua kadiri alivyoweza, akafunika nyayo tu.

Mtoto hakujitikisa. Bibi akaepua chungu taratibu, bila kugonganisha vyombo.

"Umebakiza magoti," alimwambia kuku, akavua kanga yake ya begani, akamfunika mtoto sehemu iliyobaki. Kisha akakaa kumenya viazi.

"Bibi."

"Sema, mke mwenzangu."

"Kitendawili."

"Tega."

"Aliyekufa huja kila jioni, aliye hai haji."

Bibi alimenya kiazi chote, akakiangalia kama kina jicho, akakitia majini. Jibu alilijua.

"Umenishinda."

"Nipe mji."

Aliyeshindwa hutoa mji, na mshindi huenda huko akastarehe kabla ya kurudi na jibu. Siku zote Bibi alitoa miji ya asali na vitanda vya hariri. Leo alimpa ule mama yake anakofanya kazi.

Mtoto akafumba macho. "Nimekwenda. Nimefika. Nyumba ina geti jeusi."

"Umefunguliwa?"

"Nimepita chini. Mama yupo chumbani, anamwimbia mtoto."

"Umemsalimia?"

"Ameniona. Ameweka kidole mdomoni, nisipige kelele."

"Halafu?"

"Nimekaa mlangoni nangoja." Akasikiliza kidogo. "Hajalala bado."

Kuku akajisogeza, akakiingiza chini ya bawa kidole kimoja cha mguu wa mtoto kilichokuwa kimebaki nje.