Samansi ya Siku za Mbalamwezi

Rozalia alikuwa ameinama akigeuza dagaa kwenye mchanga wa Kibirizi, jirani yake Mwasiti alipokuja mbio, kanga mkononi.

"Mama Dismasi, acha hao dagaa! Wanang'oa mabati yako!"

Nyumbani Rozalia alimkuta Gervasi, dalali wa mahakama, amekalia kigoda cha jikoni, anatafuna dagaa aliowachota kwenye ungo na kutema vichwa mlangoni. Juu ya paa kibarua mmoja, mkimbizi wa kutoka Burundi, aling'oa misumari. Mabati manne yalikuwa chini tayari, na mvua za vuli zimekaribia.

"Deni la Mzee Saad," alisema Gervasi bila kuinuka. "Kesi imekwisha. Umeshindwa."

"Deni la Saad nililimaliza kwa magunia sita ya dagaa, Mwasiti shahidi. Kesi gani? Wapi?"

"Kasulu."

"Kasulu! Mimi na Saad tunachota maji bomba moja, akanishitaki Kasulu?"

"Ana stoo kule, anauzia kambi za wakimbizi. Na samansi nilikuletea mwenyewe, tarehe kumi na nne, hapo ufukweni, ukianika dagaa. Ukakataa kusaini. Nimekula kiapo."

Wanawake waliomfuata Rozalia kutoka mwaloni, kule wanakoanika dagaa, waliguna. Tarehe kumi na nne mwezi ulikuwa mpevu. Kwenye mwanga ule dagaa hawafuati taa za karabai; mitumbwi hulala nchi kavu na mchangani hubaki mbwa tu. Wiki ile nzima Rozalia alikuwa Kalinzi, akiwauzia wakulima wa kahawa.

"Mbalamwezi ile alianika dagaa wa nani?" Mwasiti aliuliza. "Wa kwenu?"

"Mkamwambie hakimu. Nauli ya Kasulu mnayo?" Gervasi akacheka peke yake.

Kibarua aliteremka, akakisogeza chungu cha maharage mbali na vumbi, akakifunika. "Mwihangane, mama," alimpa pole kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Rozalia alimwitikia kwa kichwa. Yule hakuwa na kosa.

Mabati yalipoteremshwa yote kumi na sita, Gervasi alitoa karatasi. "Saini kwamba umekabidhi."

Rozalia akashika kalamu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, mpaka nafasi ikaisha: SIKULETEWA SAMANSI. NILIKUWA KALINZI. Akaweka jina lake. Kisha akapaka masizi ya sufuria kwenye dole gumba la Mwasiti, akaligandamiza kwenye karatasi, na wanawake wengine wakapanga foleni nyuma yake.

"Mnaniharibia fomu ya serikali!"

"Kaipeleke hivyo hivyo kwa hakimu," alisema Rozalia.

Vidole tisa vyeusi. Gervasi akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akapanda gari lenye mabati. Wingu la mvua kutoka Zaire lilikuwa limeshavuka nusu ya ziwa.