Chozi la Jicho la Kushoto

Luzviminda Arcega, au Minda kwa kifupi, aliweza kulia kwa jicho moja. La kushoto, kwa amri, saa yoyote, hata akiwa ametoka kushiba. Kwa miaka thelathini kipaji hicho ndicho kilichomlisha, kama wali na dagaa wa kukaanga kila siku unaweza kuitwa kulishwa. Magazeti ya Manila yalimwita malkia wa filamu huru, yaani zile filamu zisizo na tajiri, zisizo na hema la kujikinga jua, na mara nyingi zisizo na watazamaji. Alishakuwa mfua nguo, mwokota taka, kahaba mzee, mama wa aliyepigwa risasi, na tena mama wa aliyepigwa risasi. Sokoni wanawake walimkodolea macho wakamwuliza kama si yeye aliyekuwa akiuza samaki pale pembeni zamani.

Sasa, ana miaka hamsini na kitu, ndipo alipopewa nafasi ya mhusika mkuu. Mama wa aliyepigwa risasi, bila shaka, lakini safari hii tangu mwanzo hadi mwisho. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kumtaka mwanaume yeyote. Kwa ajili yake alikubali kumvumilia Direk Javi.

Direk ndivyo mwongozaji anavyoitwa kule, hata awe mpumbavu namna gani. Javi alizaliwa nyuma ya ukuta wenye mlinzi, akasomea filamu Ulaya, akarudi na kandambili zilizochakaa ambazo Minda aliapa kwamba zilinunuliwa zikiwa zimechakaa. Aliwapenda maskini. Aliwapenda wakiwa wamelowa, wamekaa chini, na mwanga unawapiga ubavuni. Chakula chao hakukigusa. Alitembea na biskuti zake mfukoni na kuzila amegeukia ukutani.

Ni yeye aliyegundua kwamba kuigiza matanga ni gharama, ilhali matanga ya kweli yapo. Katika uchochoro mmoja wa Tondo, mtaa wa maskini, alikuwa amelazwa jenezani Rodel, fundi pikipiki, aliyeuawa na homa ya mbu. Mama yake, Aling Sepa, aliruhusu kamera ziingie. Aliona ni heshima mwanawe kusindikizwa na msanii. Wakapatana kwamba jeneza la Direk, lililo tupu, litawekwa upande huu wa turubai, na la Rodel libaki upande ule, karibu na meza ya wacheza karata wanaokesha na marehemu.

Mchana, kazi ilipoanza, Direk alilitazama jeneza lake akabetua midomo.

"Linang'aa mno. Halina roho. Tutatumia lile."

"Lile lina mtu, Direk," Minda alisema.

"Ndiyo maana!"

Aling Sepa aliulizwa, akasema watumie tu, mwanawe alipenda sana sinema. Hapo Direk akamshika Minda bega na kumweleza.

"Ate Minda, dada yangu, unainama juu ya kioo cha jeneza. Chozi moja tu. Linadondoka juu ya kioo, hapa penye uso wake, na kamera inashuka nalo. Wazungu watazimia!"

Karata zilisimama mezani. Pale hapakuwa na mtu, kuanzia fundi wa taa hadi mpika kahawa, asiyejua kwamba chozi halidondoki kwenye jeneza. Likidondoka, njia ya marehemu inakuwa nzito, hawezi kuondoka. Watu hulia wamegeuka pembeni, leso imekingwa kidevuni. Lakini kila mmoja alijitia hamnazo. Huyu akakagua waya, yule akafuta lenzi iliyokwisha kufutwa. Minda aliwadharau wote, kisha akajidharau mwenyewe, maana naye alikuwa amenyamaza. Alijiambia kwamba ameshalilia majeneza mengi. Yalikuwa ya mbao nyembamba na ndani hamna kitu, lakini mhusika mkuu ni mhusika mkuu.

Akiwa anavurugwa nywele ili afanane na mfiwa, alimwona mfiwa mwenyewe. Aling Sepa aliinuka kwenye kiti chake kando ya jeneza, nywele amezichana vizuri, akaenda hadi kwenye bomba mwisho wa uchochoro. Akainama. Mabega yalimtikisika. Kisha akanawa uso, akajifuta, akarudi mkavu, akaketi na kukipitishia kioo leso. Minda akaona haya. Yeye alikuwa amejenga jina kwa kuonyesha watu machozi, na huyu alikuwa anayapeleka bombani ili yasimdhuru mtoto.

"Utamlilia vizuri, eh, mwenzangu?" Aling Sepa alimwuliza Minda alipofika.

"Nitamlilia."

"Lakini pembeni. Usimzuie."

"Najua, mama."

Direk akapaza sauti kazi ianze. Minda aliinama. Jicho la kushoto, lenye adabu kuliko mwongozaji wake, likatii. Chozi lilipofika kwenye taya, kiganja cha Minda kilikuwa tayari kinalisubiri chini yake.

"Kata! Ate, mkono!"

Wakarudia. Chozi likaja, kiganja kikaja.

"Ate Minda," Direk alisema taratibu, "ninao waigizaji watatu ambao hilo gauni litawakaa vizuri."

Minda alijua hatanii. "Wape," alisema. "Haliangukii kwenye kioo. Muulize yeyote hapa."

"Ushirikina! Hii ni sanaa."

"Sanaa ni yako, maiti ni ya mwenzio. Bibi yako alipokufa, jeneza lake mlilidondoshea nini?"

"Bibi yangu alichomwa. Hakuwa na jeneza!"

"Ndiyo maana!" alisema mzee mmoja kwenye meza ya karata, na uchochoro mzima ukacheka.

Direk akaiva uso. Alichomoa chupa ya dawa ya macho kwenye sanduku la mpambaji, akainama mwenyewe juu ya uso wa Rodel, akaiminya. Minda akatandaza kiganja juu ya kioo. Tone la kwanza likaangukia humo, na la pili, na la tatu. Kisha akakipangusa kwenye shati la Direk, kifuani, bila haraka.

Aling Sepa alikuwa amesimama. Alikishika kile kiganja cha Minda akakikausha kwa leso yake, kidole kimoja kimoja.

Kazi ilivunjika. Mafundi wote wakapitia kibanda cha uji wa wali kwanza, kwa sababu mtu hatoki matangani akaenda moja kwa moja nyumbani, asije akafuatwa. Direk alipanda gari lake akaenda moja kwa moja nyumbani. Kama alifuatwa, Minda alimwonea huruma marehemu.

Direk hakumfukuza Minda. Sehemu kubwa ilikuwa imeshapigwa, na kuanza upya kulimshinda. Filamu ilikwenda Ulaya bila Minda ikarudi na tuzo, na siku ilipoonyeshwa Manila, Minda alimleta Aling Sepa akamkalisha safu ya tatu. Mlangoni Direk alimkumbatia. "Ate, filamu ijayo ni yako tena. Nimekuandikia mama mwingine." Minda akasikia moyo unaruka, akaukemea.

Picha ilipofika kwenye jeneza, kile kiganja kilijaa skrini nzima, na chozi likaanguka ndani yake. Watu walipiga makofi kabla ya mwisho. Taa zilipowaka, mwandishi mmoja akauliza wazo lile lilitoka wapi.

Direk akashika kipaza sauti, akafumba macho kidogo. "Ni mila ya watu wetu. Nimeishi nayo tangu utotoni. Nilimsihi Ate Minda, nikamwambia, tafadhali, chozi lisiguse kioo."

Ukumbi ukaguna kwa kuguswa. Minda, aliyekuwa ameketi jukwaani kando yake, alimfikiria yule mama mwingine aliyeandikiwa, mtoto wake atakavyokufa, na matanga atakayotafutiwa. Akakichukua kipaza sauti.

"Nami nina swali, Direk. Ile chupa ya dawa ya macho uliishika kwa mkono gani?"

Direk akacheka. "Chupa gani tena, Ate?"

"Wa kushoto!" alijibu Aling Sepa kutoka safu ya tatu, bila kipaza sauti, na ukumbi mzima ukamgeukia. "Nilikuwa nimekaa hapo hapo, na mwanangu."