Bosi Alipokataa Ziwa

Walisema maziwa ya mwanamke anayesimama kutwa mbele ya pasi huchemkia kifuani, na mtoto akiyanyonya yanamuunguza. Nani alisema kwanza sijui. Aliyeyaleta kazini kwetu ni mkunja mashuka tuliyemwita Redio, maana hakuhitaji kuwashwa ndipo aongee.

Tunafanya kazi kwa dobi anayefua mashuka ya nyumba za wageni. Mimi niko kwenye pasi ya mvuke, na Redio anasimama mwisho wa meza, anapokea na kukunja. Joto la pale linajulikana. Ukitoka nje mchana wa jua kali unaona kama umeingia kivulini.

"Mama Bosi, hayo maziwa yako yameshaiva," aliniambia siku hiyo. "Ukifika nyumbani muulize mtoto kama anataka na sukari."

"Lete kikombe nikumiminie wewe kwanza."

Wote tukacheka. Yeye ndiye aliyeacha kucheka mapema. "Natania, lakini kuna mpishi mmoja alimpoteza mtoto hivyohivyo. Anakaa motoni kutwa, akirudi anamnyonyesha. Mtoto akaungua ndani kwa ndani."

Huyo mpishi ni nani, alikaa wapi, hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani na maneno yale yamenikaa kichwani, na kabla ya kumpokea mwanangu nikajigusa kifua kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mgonjwa homa. Nikahisi joto. Nani asiyekuwa na joto kifuani? Lakini tangu siku hiyo nikawa najimwagia maji kwanza, nakamua ya mwanzo na kuyamwaga, ndipo nimpe.

Mwanangu alikuwa na miezi saba. Tulimwita Bosi kwa sababu alijua kukaa, na akikaa anaweka mikono juu ya mapaja na kukuangalia kama anayesubiri ueleze kwa nini umechelewa. Mchana alibaki na mama mkwe wangu, aliyekuwa akimpa maziwa niliyokamua asubuhi. Jioni akisikia mlango anaanza kurusha miguu.

Kisha akapata homa. Mwili ulikuwa wa moto, udenda unamtoka mpaka nguo ya kifuani ikawa haikauki. Mama mkwe akasema ni meno. Mume wangu akasema ni meno. Mimi pia nilisema meno, na tukampangusa kwa maji tukangoja litoke jino.

Halikutoka jino. Jioni moja nilifika, akarusha miguu kama kawaida, nikamweka kifuani. Alilidaka ziwa kwa pupa, akavuta mara moja, akajitupa nyuma akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Nikamtuliza. Akalitafuta mwenyewe, kinywa wazi, akavuta, akajitupa tena. Alikuwa analitaka na kuliogopa. Mara ya nne hakulitafuta. Alilala mkononi mwangu analiangalia tu, machozi yanaingia masikioni.

Nikajua moja kwa moja. Yaani nilidhani nimejua. Nikakamua kidogo kwenye kijiko, nikanusa, nikaonja. Yalikuwa maziwa tu. Lakini ukishaambiwa kitu kimeungua, hata ulimi wako unakwambia kimeungua.

Nikamweleza mama mkwe maneno ya Redio. Sikutegemea ayakubali, ni mtu mwenye akili zake. Alimtazama Bosi, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto hasemi, lakini huyu amesema. Mpumzishe hayo maziwa. Tumjaribu kwa uji."

"Na kama si maziwa?" mume wangu akauliza.

"Kama si maziwa, mbona anamlilia mama yake na akimpata anamkimbia?"

Tukamsikiliza yeye. Nilijifunga kifua kwa kitambaa ili maziwa yakauke. Wanaojua maumivu hayo wanayajua. Kazini nilikuwa nikisikia mtoto wa mpita njia analia, maziwa yananitoka yenyewe, yanalowanisha kitambaa, nakwenda kuyamwaga kwenye karo la kufulia. Redio aliniona. "Umefanya la maana," akasema kwa upole kabisa. "Bora mzima asiyenyonya."

Na uji pia aliukataa. Hapo ndipo tungesimama tujiulize. Kama ubaya uko kwenye maziwa yangu, uji una kosa gani? Lakini mama mkwe alisema anasusa, na mimi nikaona ni kweli, Bosi ana kiburi, ananisusia kwa sababu nimemnyima. Tulimshika mikono tukamlazimisha. Kijiko kilirudi na damu kidogo. Tukasema, hilo jino sasa linatoka.

Kinywa kilianza kunuka. Usingizi wake ukawa wa kushtukashtuka. Akimeza mate yake mwenyewe alikunja uso na kukaza vidole, halafu analia, na akilia kinywa kinamuuma zaidi, kwa hiyo analia akijizuia. Mtoto mdogo hivyo alikuwa amejifunza kulia kwa kujizuia. Nilikuwa namtembeza chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni, sijui namtembeza kwenda wapi.

Asubuhi moja nilimfungua nepi nikaikuta kavu. Mchana kavu. Kilio kilikuwa hakina machozi tena. Mume wangu hakuuliza mtu. Alimchukua akatoka naye, mimi nyuma yake na viatu visivyofanana.

Muuguzi aliyetupokea hospitalini alikuwa mwanaume mfupi mwenye sauti ya chini. Alimpapasa kichwa, akamfinya ngozi ya tumbo, akaangalia inavyorudi. Kisha akauliza, "Kinywani mmemwangalia?"

"Ni maziwa yangu," nikasema. "Nafanya kazi ya pasi. Yamechemka."

Hakucheka. Alichukua kijiti na tochi, akamfungua kinywa, akaniita. "Njoo uone mwenyewe, mama."

Niliona. Ulimi, ndani ya midomo, hadi nyuma huko, vidonda vyeupe vyenye ukingo mwekundu. Ufizi umevimba, unatoa damu kwa kuguswa. Siku zote hizo vilikuwa humo, na dirisha la chumba chetu lina mwanga wa kutosha.

"Maziwa hayachemki kifuani," muuguzi akasema. "Yangechemka, ungechemka wewe kwanza. Huyu alikataa maumivu, hakukataa maziwa." Alipomaliza akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyekuwa na kidonda mdomoni, vile vipele vya maji vinavyotoka baada ya mafua. Kwa mtu mzima ni kitu kidogo, alisema, kwa mtoto huwa hivi.

Mume wangu alifunika mdomo kwa mkono. Kigaga kilikuwa bado kipo pembeni ya mdomo, na yeye ndiye aliyekuwa akimbusu Bosi kila akitoka kwenda kazini.

Tulilazwa. Walimpa dawa ya maumivu, wakampitishia mrija puani ili apate chakula. Alipofungwa mikono asiung'oe, aliniangalia. Sitaeleza alivyoniangalia. Muuguzi aliniletea kikombe akasema nikamue, maziwa ya mama yapite kwenye mrija, ndiyo bora. Nikafungua kitambaa. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, na nilichopata kilikuwa hakijafunika kitako cha kikombe.

"Endelea, mara kwa mara, yanaweza kurudi," akanitia moyo. "Wengine yanarudi."

Niliendelea. Nilikamua nikiwa nimekaa, nimesimama, nikiwa naongea na watu. Mama mkwe alikuwa analeta maji ninywe, anashika kikombe. Kitu ambacho wiki moja nyuma nilikuwa namwaga karoni kikombe kizima, sasa tulikuwa tunakisubiri kwa matone, mimi na yeye, tumeinamisha vichwa.

Vidonda vilipona. Hilo lazima niseme, vilipona, na mrija ukatolewa. Muuguzi akaniambia nimweke kifuani. Bosi alinusa, akafungua kinywa polepole kama mtu anayegusa maji kwa kidole. Akavuta. Hakuumia. Akavuta tena, na macho yakamlegea, mkono wake ukaja kunishika nguo. Alivuta, akavuta, akatulia. Akaliachia, akaliangalia. Nikamgeuzia la pili. Huko nako alivuta, akaliachia. Safari hii hakulia. Aligeuza uso ukutani.

Hakurudi tena kifuani. Nilijaribu nyumbani kwa muda mrefu, na kila mara anageuza uso. Sasa anakunywa kikombeni. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba, na bado hajarudia kukaa vile alivyokuwa akikaa. Jioni akisikia mlango anageuka kuangalia, basi. Mume wangu hambusu. Anamshika mguu tu, anautikisa, anatoka. Maziwa hayakurudi.

Redio alikuja kunipa pole akalia kuliko mimi. "Niliyasikia tu, Mama Bosi. Niliyasikia nikayasema." Namwamini. Ila juzi ameajiriwa binti kwenye pasi ya pili, ana mimba kubwa, na wakati wa kupumzika akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli atalazimika kumwachisha mtoto mapema kwa sababu ya joto. Hakuambiwa na Redio. Ameambiwa kwao, na dada yake.

Kwa hiyo naandika. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, mtanisamehe mwandiko. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usimwachishe mtoto ziwa kwa maneno ya watu.

Akikataa kunyonya ghafla, usiseme chochote kabla hujamwangalia ndani ya kinywa, penye mwanga.

Usijifunge kifua. Kamua, umpe kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo.

Usimpe vya moto, vya chumvi wala vya uchachu akiwa na vidonda.

Usivisugue vidonda, usivipake asali wala kitu ulichoshauriwa njiani.

Usimlazimishe kula kwa kumshika mikono.

Usimpe dawa ya maumivu ya mtu mzima.

Usiseme homa kali ni meno.

Mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto, wala asionje kwa kijiko cha mtoto.

Nepi ikikaa kavu, au akilia bila machozi, usingoje. Mpeleke.